Timu za Jinja na Mbale zilienda wapi?

Kijana_wa_Walukuba

Wadau habari za jioni. Mimi ni mtoto wa Jinja, nimezaliwa Walukuba, sasa hivi niko Kampala natafuta maisha. Wiki iliyopita nilirudi nyumbani kumsaidia mzee wangu kuhamisha vitu maana bati lilikuwa linavuja, basi katika kuburuta sanduku la chuma chini ya kitanda nikakuta jezi, ya zamani kabisa, kola yake kama ya shati la shule, namba 6 mgongoni imeshonwa kwa mkono, na kifuani jina la kiwanda alichofanyia kazi. Nikamuuliza baba hii nini tena, akacheka akasema hiyo ndiyo iliyomtoa mama yako kwao.

Kumbe mzee hakuajiriwa pale kwa sababu ya cheti, aliajiriwa kwa sababu ya mguu wa kushoto. Asubuhi yuko kwenye mashine, saa nane wanaachiwa wanaenda mazoezi, mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule wa fundi, nyumba ya kiwanda juu. Miaka yote hii nilijua tu kwamba baba alikuwa fundi.

Sasa swali langu. Mzee anasema zamani ukija kucheza Jinja au Mbale unakuja umejiandaa, haikuwa mchezo. Mimi nimekua naona ligi ni Kampala na Wakiso, sisi wa mashariki tunapandisha timu moja, inakaa misimu miwili mitatu, inashuka, tunarudi kwenye kibanda kuangalia Uingereza. Nini kilitokea? Nataka historia jamani, siyo matusi ya Arsenal na Man U, hayo yana uzi wake.

Afande_Mstaafu

Kijana wangu, salimia sana mzee. Mimi nilivaa gwanda miaka mingi na mpira nimeutazama tangu niko kaptula, wacha nikupe kidogo.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1968. Na unajua bingwa wa kwanza nani? Siyo Express, siyo KCC, ni Prisons ya Kampala, askari magereza, wakachukua 1968 na 1969 tena. Hiyo ndiyo siku hizi mnaita Maroons, wako pale Luzira. Mwaka 1970 kombe likaenda Coffee Kakira, hapo unasikia jina la upande wenu, Kakira ya miwa. 1971 Simba, timu ya jeshi. Kwa hiyo katika miaka minne ya kwanza mabingwa wote ni watu wenye mwajiri, hakuna klabu ya mtaani hata moja! Express ilikuwepo tangu 1957, Jolly Joe Kiwanuka ndiye aliyeianzisha na jina lilitokana na gazeti lake, lakini ubingwa wake wa kwanza wa ligi ni 1974.

Simba hao hao mwaka 1972 walifika fainali ya klabu bingwa Afrika. Wakakutana na Hafia ya Guinea, kule Conakry tukala 4-2, hapa nyumbani tukafungwa tena 3-2. Watu wanaongea Villa ya 1991 kana kwamba ndio walifungua njia, hapana, askari walitangulia kwa karibu miaka ishirini. Na ni mwaka huo huo Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, ligi ya 1972 haikufika mwisho na ya 1973 vilevile, hamna bingwa. Viwanda vingi vya Jinja vilikuwa vya nani? Kakira yenyewe ya familia ya Madhvani. Mwenye kiwanda akipanda ndege, timu inabaki na nani? Hapo ndipo uanzie kutafuta jibu lako, lakini lisiishie hapo, maana timu nyingi zilivuka hata huo moto.

KasasiroDamu

Afande umeongea ukweli lakini umeruka wenye mji 😂

KCC ilianzishwa 1963 na Samuel Wamala, huyo alikuwa mkuu wa idara ya maji machafu pale halmashauri ya jiji, yaani timu yetu ilizaliwa kwenye mitaro na ndiyo maana mnatuita kasasiro, takataka, na sisi tumekubali jina. Lengo ilikuwa wafanyakazi wapate kitu cha kufanya jioni basi. Kufika 1976 na 1977 tunachukua ligi na Bidandi Ssali ndiye kocha, 1978 tukaleta kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, timu ya kwanza ya Uganda kulichukua. Cranes, timu yetu ya taifa, ile ya 1978 iliyofika fainali ya AFCON kule Ghana ukiifungua ndani unakuta watu wetu, Jimmy Kirunda, Phillip Omondi, na Omondi alimaliza na magoli matatu sawa na Odegbami wa Nigeria na Opoku Afriyie wa Ghana. Tulifungwa 2-0 fainali na wenyeji, yote mawili ya Afriyie. Halafu ikabidi tusubiri mpaka 2017 kurudi AFCON. Uwanja wa Lugogo leo una jina la Omondi.

Sasa kwa swali lako ndugu wa Walukuba, mbona KCC haikufa na yule ni mwajiri pia? Kwa sababu jiji halifilisiki. Serikali ilibadilisha halmashauri ikawa mamlaka mwaka 2011, timu ikabadilisha jina ikawa KCCA ikaendelea kula vikombe, 2013, 2014, 2016, 2017, 2019. Kiwanda kinaweza kufungwa, takataka haziishi.

Dereva_Malaba

Kasasiro umenifurahisha leo hahaha

Mimi kwetu ni Mbale, kazi yangu ni trela, Malaba mpaka Elegu, kwa hiyo mpira nausikiliza kwenye redio zaidi kuliko kuuona. Nataka niseme la Mbale kwa sababu watu wa Kampala wakisema mashariki wanamaanisha Jinja halafu wanachoka.

Mbale tulichukua Kakungulu, ndiyo sasa mnaita Uganda Cup, mwaka 1976 ikiwa inaitwa Gangama United. Halafu 1999 tena kwa jina la Mbale Heroes. Hiyo ya 1999 nilikuwa mdogo lakini naikumbuka vizuri kwa sababu mji ulilala saa ngapi sijui, watu wamekaa juu ya pickup, wengine wanapiga masufuria, mama yangu ambaye hajui hata kona ni nini alikuwa barabarani anapiga vigelegele. Hebu niambieni timu gani ya Kampala ikichukua kikombe leo mama mwenye duka anatoka nje?? Watu wanaangalia kwenye simu wanaendelea na rolex yao, chapati na mayai.

Lakini pesa. Timu ya mkoani mechi ya ugenini ni kukodi basi, kulala, kula, na Mbale mpaka Kampala ni karibu kilomita 220 na kitu, unafanya hiyo safari msimu mzima wakati timu za Kampala zinapanda taxi kwenda kucheza zenyewe kwa zenyewe. Nusu ya ligi kwao ni nyumbani! Hilo mtu halisemi. Na mchezaji akionyesha kitu kidogo tu mwezi wa pili, mwezi wa sita yuko Lugogo kwa KCCA au Kitende kwa Vipers. Sisi tunapanda, wao wanavuna, kama kahawa yetu ya mlimani tu.

Afande_Mstaafu

Dereva, hapo kwenye basi umegusa.

Nilimalizie lile la mwajiri maana nilikatwa na umeme. Angalia orodha ya mashirika yaliyokuwa na timu: benki, Uganda Commercial Bank, bingwa wa 1979. Nile, bingwa wa 1980. Bodi ya kahawa, bodi ya pamba, shirika la umeme UEB. Mchezaji alikuwa na kitambulisho cha kazi, akivunjika mguu anapelekwa hospitali ya shirika, akizeeka anabaki ofisini anakuwa karani au mtunza stoo. Hiyo ndiyo ilikuwa "kulipwa" kwa Uganda, hakuna mkataba wa mpira, kuna mkataba wa kazi. Mzee wako hajasema uongo hata kidogo.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Serikali ikaanza kuuza mashirika, bodi ya kahawa ikanyang'anywa ule uwezo wa kununua peke yake, bodi ya pamba vivyo hivyo, UEB ikakatwa vipande vitatu mwaka 2001, benki ya UCB ikaenda kwa Standard Bank wa Afrika Kusini ikawa Stanbic. Sasa wewe ndiye mwenye hisa mpya, umeletewa hesabu, unaona mstari unasema "timu ya mpira, viatu, basi, posho". Unaufanya nini huo mstari? Unachukua kalamu nyekundu. Hakuna aliyeichukia timu, ni kalamu tu.

Walioponea ni nani? Wale ambao hawauziki. Polisi, bingwa wa 2005. URA, watoza kodi, 2006, 2007, 2009, 2011. Jeshi, Magereza, KCCA. Mimi nilikuwa askari nafurahi askari kushinda lakini nikiwa peke yangu na chai yangu najiuliza huu ni mpira au ni gwaride.

Jogoo_wa_Nakivubo

Nimesoma mpaka hapa nimevumilia kweli kweli. Mnaandika historia ya mpira wa Uganda mnamuweka Jogoo, Villa yetu, pembeni??

Villa ilianza 1975 ikiitwa Nakivubo Boys, vijana wa mjini tu, hakuna wizara, hakuna bodi, hakuna kiwanda. Ikachukua ligi ya kwanza 1982 na mpaka leo iko na 17, hakuna anayekaribia kwa starehe. 1986 mpaka 1990 mfululizo. 1998 mpaka 2004 mfululizo, miaka saba! 1991 fainali ya klabu bingwa Afrika, Club Africain walitupiga 6-2 kule Tunis, hapa 1-1. Mwaka uliofuata fainali ya CAF Cup na Shooting Stars ya Nigeria. Magid Musisi mnamjua? Alitoka hapa akaenda Ufaransa, Rennes, wakati wachezaji wetu hawajui hata pasipoti ina rangi gani. Kwa hiyo hii nadharia ya afande kwamba bila mwajiri hakuna timu, mimi nakataa. Sisi tulikuwa na watu na tulikuwa na tajiri wetu Patrick Kawooya.

Halafu mnaona jina? Jogoo. Katikati ya Waganda Kampala timu kubwa kuliko zote inaitwa kwa Kiswahili na hakuna anayelalamika. Mtu atakuambia Kiswahili ni cha askari halafu Jumamosi anapiga kelele Jogoo Jogoo mpaka sauti inakauka.

KasasiroDamu

Jogoo na wewe malizia historia yako basi. 2003, Villa 22, Akol 1. ISHIRINI NA MBILI. Hizo ni magoli au ni bei ya sukari

Na kutoka 2004 mpaka 2024 mlikuwa wapi? Miaka 20 bila ligi. Kawooya mmoja alikuwa ndiye kiwanda chenu, tofauti yake na kiwanda cha Jinja ni kwamba hakuwa na bomba la moshi.

Jogoo_wa_Nakivubo

Sijibu ya Akol, nimechoka nayo, shemeji yangu ni Express ananiambia kila Krismasi.

Lakini hilo la bomba la moshi... sawa, limeniingia. Ni kweli matajiri walipopungua tuliyumba, uwanja hatuna, Nakivubo ikavunjwa tukawa kama wakimbizi. Ila narudi pale pale: hatukufa. Coffee iko wapi? UCB iko wapi? Sisi tulikaa na njaa miaka ishirini, mashabiki wakachanga, 2024 tukachukua. Timu ya kiwanda ingekaa hata miwili? Mwajiri akiondoka wachezaji wanatafuta kazi nyingine, kuna haja gani ya kubaki. Sisi hatukuwa na kazi ya kuacha.

Binti_wa_Arua

Samahani naingilia wazee na makaka, mimi ni mwanamke na ndiyo, naangalia mpira wa hapa.

Jogoo unasema watu wanatosha. Njoo Arua. Onduparaka ilipanda ligi kuu 2016 na nyie wote mnakumbuka uwanja wa Green Light ulivyokuwa unajaa, kijani kila mahali, watu wanakuja na lori kutoka vijijini, wengine wanavuka mpaka kabisa, na hata timu ikienda kucheza Kampala sisi ndio tulikuwa wengi uwanjani kuliko wenyeji. Tukawafundisha watu wa kusini jinsi ya kushangilia. Watu tulikuwa nao, tena wengi. Timu ilishuka hata hivyo. Kelele hailipi mshahara, na kiingilio cha mtu wa Arua ukikigawa kwa safari ya kilomita karibu 500 kuja Kampala na nyingine kama hizo kurudi unabaki na pesa ya maji ya kunywa.

Ukitaka kuona anayefanikiwa siku hizi bila serikali angalia Vipers. Ilikuwa Bunamwaya, bingwa 2010, ikabadilisha jina 2012, Lawrence Mulindwa akaipeleka Kitende kwenye shule yake akajenga uwanja wake mwenyewe, ukafunguliwa 2017. Ni mwajiri tena huyo, ila mwajiri mwenye kiwanja chake na mwenye shule inayozalisha wachezaji kila mwaka. Nasema hivi bila wivu. Wivu upo kidogo.

Dereva_Malaba

Dada Arua umemaliza. Hiyo ya kilomita 500 nakubali kwa niaba ya mgongo wangu.

Kijana wa Walukuba usikate tamaa pia, Jinja yenu hamko vibaya kama unavyosema. BUL si ni ya hapo kwenu? Kiwanda cha mafuta, Bidco, na walichukua Uganda Cup 2022 mbele ya Vipers. Gaddafi ni ya kambi ya jeshi Jinja, ilipanda 2021. Ile Kirinya ya shule ikawa Busoga United. Kwa hiyo Jinja ina kiwanda, ina jeshi, ina shule, ni ile ile ya miaka ya sitini, ni majina tu yamegeuka. Na Hoima nao, Kitara wamechukua kombe 2024.

Kijana_wa_Walukuba

Jamani asanteni, sikutegemea hivi. Nimekaa nimesoma yote mara mbili kwenye boda foleni ya Kibuye.

Nilimpigia baba nikamsomea, hasa ya afande kuhusu kalamu nyekundu. Akanyamaza kidogo halafu akasema siyo kalamu, kwao hata barua haikuja. Waliambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hakuna kuachiwa saa nane, kila mtu abaki kwenye mashine mpaka saa kumi na moja. Basi. Hakuna aliyesema timu imefungwa. Jumamosi yake walienda uwanjani wenyewe wakakuta mipira imefungiwa stoo na mtunza funguo kapewa likizo. Wakacheza na mpira wa watoto wa mtaani, kumi na wawili tu waliokuja, sita kwa sita. Jezi alikuwa amebeba nyumbani kufua, ndiyo maana anayo.

Afande, mzee ana swali kwako pia. Anasema kama ulikuwa unatazama mpira miaka ile, je uliwahi kuja Kakindu, uwanja wetu wa Jinja, na Simba kwa mechi ya kirafiki, mkaja na lori mbili na bendi ya tarumbeta?

Afande_Mstaafu

Mwambie mimi ndiye niliyekuwa nalinda tarumbeta.

Na umuulize yeye alikuwa yule namba 6 mwembamba aliyekuwa anarusha mpira wa pembeni mpaka kwenye boksi la yadi sita, au alikuwa mwingine. Nipe namba ya simu yake kwa ujumbe wa faragha, usiiweke hapa.

Kijana_wa_Walukuba

Anasema ndiye. Anasema pia mlimkanyaga goti la kulia dakika za mwisho na refa akapeta, alikuwa ni wa kwenu. Nakutumia namba sasa hivi, ila piga baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo anasikiliza mpira kwenye redio na hapokei simu ya mtu.